Umeuza Nyumba, TRA Wamekukadiria Kodi Usiyokubaliana Nayo: Wapi pa Kwenda na Siku Ulizo Nazo

Kila wiki napigiwa simu na mtu aliyeuza nyumba au kiwanja, akapelekewa makadirio ya kodi yaliyomtoa jasho, na swali lake ni lilelile: "Nifungue kesi mahakama gani?" Nikimuuliza makadirio aliyapokea lini, hunyamaza. Kisha anaanza kukisia: mwezi uliopita, au ule wa nyuma yake.

Hapo ndipo kesi nyingi za kodi zinapofia. Watu wenye hoja nzuri kabisa, wenye risiti mpaka ya msumari wa mwisho, hushindwa kwa sababu walichelewa siku 4 au walibisha hodi mlango usio wao. Inaniuma kila nikiiona, maana kosa lenyewe lingezuilika kwa kalamu na kalenda. Ndiyo maana nimeandika hatua hizi.

Mwongozo huu ni wa Tanzania Bara. Unahusu kodi za mali zinazokadiriwa na Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA): kodi ya faida unapouza nyumba au ardhi, kodi ya mapato ya pango, ushuru wa stempu. Kodi ya majengo inayokatwa kwenye LUKU tangu 2021 haimo humu.

Kabla hujaanza, weka mezani vitu hivi

- Hati ya makadirio yenyewe, pamoja na bahasha yake kama ilikuja kwa bahasha. Kama ilikuja kwa baruapepe au kwenye akaunti yako ya mtandaoni ya TRA, chapa ukurasa unaoonyesha siku ilipoingia.
- TIN yako, yaani namba yako ya mlipakodi.
- Mkataba wa mauziano, na mkataba ulionunulia wewe mwanzo.
- Ushahidi wa gharama: risiti za vifaa, malipo ya mafundi, kibali cha ujenzi, taarifa za benki, ripoti ya mthamini kama ipo.
- Kalenda ya karatasi. Itundike ukutani, ionekane na kila mtu nyumbani.
- Fedha. Pingamizi lina sharti la kulipa kwanza, na nitalieleza katika hatua ya 3.

Hatua ya 1: Soma aliyekuandikia ni nani

Angalia kichwa cha barua. Kama imetoka TRA kwa jina la Kamishna Mkuu, endelea na mwongozo huu. Kama inadai kodi ya pango la ardhi na imetoka kwa Kamishna wa Ardhi, hiyo ni njia nyingine kabisa: anza na ofisi ya ardhi iliyokuandikia. Majina yanafanana, wote ni makamishna na wote wanadai "kodi", lakini ukichanganya hapa utapoteza mwezi mzima kwenye foleni isiyokuhusu.

Na kama ugomvi wako ni na mnunuzi, kwa mfano mlikubaliana yeye ndiye atakayelipa kodi kisha akageuka, huo ni mgogoro wa mkataba kati yenu wawili. TRA hawaingii humo. Kwao anayedaiwa kodi ya faida ni aliyeuza.

Hatua ya 2: Andika tarehe uliyoipokea, siku hiyohiyo

Tarehe iliyochapwa juu ya barua si lazima iwe ndiyo inayoanzisha hesabu. Siku zinahesabiwa tangu ulipokabidhiwa. Mama mmoja mstaafu aliniletea makadirio yaliyoandikwa tarehe 3, naye aliyapata tarehe 14 baada ya kuzunguka kwa mjumbe na kwa jirani. Kwa bahati alikuwa amesaini daftari la kupokelea, na tarehe ilikuwepo. Siku zile 11 ndizo zilizomwokoa. Bila daftari lile tungebaki kubishana kwa maneno matupu.

Kwa hiyo ukipokea, andika juu ya karatasi: "Nimepokea leo," tarehe, saa, aliyekuletea, na saini yako. Piga picha. Kama hukubaliani na tarehe ambayo mletaji ameijaza, usisaini mpaka airekebishe.

Jinsi ya kuhesabu: siku uliyopokea usiihesabu, anza na kesho yake. Jumamosi, Jumapili na sikukuu zote zimo ndani ya hesabu. Watu wengi huziruka wakidhani ni siku za kazi tu. Siyo.

Hatua ya 3: Weka pingamizi kwa Kamishna Mkuu ndani ya siku 30

Huu ndio mlango wa kwanza, na hauna njia ya mkato ya kuukwepa. Huendi Bodi ya Rufani za Kodi kwanza, wala mahakamani kwanza. Unaweka pingamizi kwa Kamishna Mkuu wa TRA kwa maandishi, ukieleza sababu, ndani ya siku 30 tangu ulipokabidhiwa makadirio. Siku hizo zikipita hujaweka pingamizi, makadirio yanakuwa ya mwisho, hata kama yamekosewa waziwazi.

Sasa lile sharti la kulipa. Pingamizi halipokelewi mpaka ulipe kiasi usichobishania, au theluthi moja ya kodi iliyokadiriwa, kutegemea kipi ni kikubwa. Na malipo hayo yanatakiwa ndani ya siku zilezile 30.

Tuchukue mfano. Ulinunua nyumba kwa shilingi milioni 30, ukaiendeleza kwa milioni 25, ukaiuza kwa milioni 90. Kwa hesabu yako faida ni milioni 35, na kwa mkazi wa Tanzania kodi ni asilimia 10, yaani milioni 3.5. TRA wamezikataa risiti zako za ujenzi, wakasema faida ni milioni 60 na kodi ni milioni 6. Unalipa ngapi ili pingamizi lipokelewe? Wengi hujibu milioni 2, kwa kuwa ndiyo theluthi. Lakini wewe mwenyewe unakiri milioni 3.5, na hiyo ni kubwa kuliko theluthi. Unalipa milioni 3.5. Aliyelipa milioni 2 hajatimiza sharti, na pingamizi lake linaweza kukataliwa bila hoja zake kusomwa.

Kama kweli huna uwezo, sheria inakuruhusu kumwomba Kamishna akupunguzie au akuondolee sharti hilo. Mwombe kwa maandishi mapema, ndani ya wiki ya kwanza kama unaweza, na umweleze sababu zenye ushahidi. Usingoje siku ya 29. Akikukatalia utahitaji muda wa kutafuta fedha.

Ndani ya pingamizi andika mambo makuu matatu: kiasi unachobishania, sababu, na nyaraka zinazothibitisha. "Kodi ni kubwa mno" si sababu. Sababu ni kama hizi: gharama za ujenzi hazikuhesabiwa, thamani iliyotumika ni ya nyumba nyingine, au hii ni nyumba niliyoishi mwenyewe. Hiyo ya mwisho wengi hawaijui. Kama umeimiliki nyumba mfululizo kwa miaka 3 au zaidi, ukaishi humo jumla ya miaka 3 au zaidi, na faida haizidi shilingi milioni 15, faida hiyo haitozwi. Kama inakuhusu, isiwe hoja ya mstari mmoja. Ambatisha barua ya serikali ya mtaa, bili za maji na umeme, na chochote kinachoonyesha kuwa uliishi pale.

Ukiwasilisha, hakikisha unaondoka na uthibitisho wa kupokelewa wenye tarehe, iwe ni muhuri kwenye nakala yako au ujumbe wa mfumo. Ofisa akikwambia "wewe iache tu hapo, tutaishughulikia," mwombe kwa heshima akugongee muhuri. Ni haki yako.

Hatua ya 4: Jibu barua ya mapendekezo, lakini usiikatie rufani

Baada ya kupitia pingamizi, mara nyingi TRA huandika barua ya kati: tunakusudia kurekebisha makadirio hivi, au tunakusudia kukataa, una lipi la kusema? Una siku 30 za kujibu kwa maandishi. Jibu hoja kwa hoja, na uongeze nyaraka ulizokuwa hujazipata.

Kosa ninaloliona hapa ni mtu kuichukulia barua hiyo kuwa ndiyo hukumu, akaikimbilia Bodi. Barua hiyo ni pendekezo, na Bodi haina mamlaka ya kusikiliza rufani dhidi ya pendekezo. Itaondolewa, na huku nyuma siku zako za kujibu zimekwisha. Soma kichwa na aya ya mwisho. Uamuzi wa mwisho husema wazi kwamba huo ndio uamuzi kuhusu pingamizi lako.

Kamishna naye ana muda wake, miezi 6 tangu pingamizi lilipopokelewa rasmi. Ikipita bila uamuzi, makadirio yanachukuliwa kuwa yamethibitishwa, nawe unapata haki ya kwenda Bodi. Wengi hudhani ukimya wa TRA maana yake wameshinda. Ni kinyume chake! Mwezi wa 6 uweke alama nyekundu kwenye kalenda, kwa kuwa kuanzia hapo siku zinakuhesabia wewe.

Hatua ya 5: Nenda Bodi ya Rufani za Kodi, kwa nyaraka mbili na tarehe mbili

Uamuzi wa pingamizi ukikataa hoja zako, mlango unaofuata ni Bodi ya Rufani za Kodi, TRAB. Si mahakama ya wilaya, wala baraza la ardhi, wala Mahakama Kuu. Sheria ya Rufani za Kodi, Sura ya 408, imeipa Bodi peke yake mamlaka ya kuanza kusikiliza migogoro ya madai inayotokana na sheria za kodi zinazosimamiwa na TRA. Mahakama ya Rufani imeshafuta kesi za kodi zilizosikilizwa Mahakama Kuu hadi hukumu, kwa sababu hiyo tu. Miaka ya kwenda na kurudi, gharama za wakili, nauli, vyote vikawa bure.

Bodi inataka nyaraka mbili kwa nyakati mbili tofauti:

1. Taarifa ya kusudio la kukata rufani, ndani ya siku 30 tangu ulipokabidhiwa uamuzi wa mwisho. Nakala yake mpe Kamishna Mkuu.
2. Rufani yenyewe, ndani ya siku 45 tangu ulipokabidhiwa uamuzi huohuo.

Soma tena hiyo ya pili, tafadhali. Siku 45 hazianzi siku ulipowasilisha kusudio. Zote mbili zinaanzia sehemu moja. Tuseme ulikabidhiwa uamuzi Jumatatu tarehe 2 Machi 2026. Siku ya 30 ni tarehe 1 Aprili, na siku ya 45 ni tarehe 16 Aprili. Aliyewasilisha kusudio tarehe 1 Aprili kisha akahesabu 45 kuanzia hapo atajikuta katikati ya Mei, mwezi mzima baada ya mlango kufungwa. Kosa hili nimelikuta hata kwa watu wenye mawakili.

Katika rufani, mjibu rufani ni Kamishna Mkuu wa TRA, si meneja wa mkoa wala ofisa aliyekukadiria. Ambatisha uamuzi unaoulalamikia na nakala ya taarifa ya kusudio. Rufani isiyo na uamuzi unaolalamikiwa ni sawa na mgonjwa aliyekwenda hospitali akakiacha kidonda nyumbani. Lipa ada, gongesha muhuri kwenye nakala zako zote, kisha mpelekee mjibu rufani nakala yake na uhifadhi ushahidi wa kumfikishia.

Makao makuu ya Bodi yako Dar es Salaam, lakini husikiliza mashauri mikoani pia. Uliza masjala iliyo karibu nawe kabla ya kupanda basi. Na usiogope lugha. Tangu 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama na mabaraza yanayotoa haki.

Kuhusu ushahidi nina jambo moja, nalo ni zito. Kwenye kodi, mzigo wa kuthibitisha kwamba makadirio yamezidi uko kwako. TRA hawalazimiki kuthibitisha kwamba wako sahihi. Fundi aliyekujengea na bado yu hai ni shahidi. Mtafute sasa, mwambie utamhitaji, na uandike majina na namba za mashahidi wako wote kabla hujasahau.

Hatua ya 6: Ukishindwa Bodi, nenda Baraza, kisha Mahakama ya Rufani

Juu ya Bodi kuna Baraza la Rufani za Kodi, TRAT, ambalo huongozwa na jaji wa Mahakama Kuu. Hapa muda ni mfupi zaidi: kusudio ndani ya siku 15, rufani ndani ya siku 30. Anza kuhesabu siku uamuzi wa Bodi uliposomwa, hata kama hujapata nakala, ili uwe upande salama. Siku hiyohiyo andika barua ya kuomba nakala ya uamuzi na mwenendo wa shauri, yaani maandishi ya yote yaliyosemwa wakati wa kusikilizwa.

Kutoka Baraza unakwenda moja kwa moja Mahakama ya Rufani ya Tanzania. Mahakama Kuu hairukwi kwa bahati mbaya. Haipo kabisa kwenye ngazi hii. Na Mahakama ya Rufani husikiliza hoja za sheria peke yake. Kama malalamiko yako ni "hawakuziamini risiti zangu," ngazi ya Baraza ndiyo mwisho wako. Taarifa ya rufani huwasilishwa ndani ya siku 30 tangu uamuzi, na kumbukumbu za rufani, yaani kitabu chenye nyaraka za shauri zima, ndani ya siku 60 tangu taarifa hiyo. Ukiomba mwenendo wa shauri kwa barua ndani ya siku 30 za mwanzo, na nakala ya barua ukampa upande wa pili, siku ulizosubiri kuandaliwa nakala zinaweza kuondolewa kwenye hesabu kwa hati ya msajili. Bila barua hiyo, hati haina msingi. Kwa ngazi hii sitakushauri uende peke yako. Tafuta wakili anayezijua kesi za kodi.

Mambo yakikwama

*Siku zimepita.* Usiwasilishe nyaraka kimyakimya ukiomba Mungu wasione. Wataona, ndilo jambo la kwanza wanalolitazama. Wasilisha maombi ya kuongezewa muda. Kwa Bodi, sababu zinazotambuliwa ni kuwa nje ya nchi, ugonjwa, au sababu nyingine ya msingi. Ambatisha pasipoti yenye mihuri au cheti cha hospitali, na ueleze kila siku uliyochelewa, maana Mahakama ya Rufani imeshasema mara nyingi kwamba hata siku moja inahitaji maelezo. "Sikujua sheria" haikubaliki. "Wakili wangu alizembea" nayo kwa kawaida haitoshi.

*Nilishafungua kesi mahakama isiyohusika.* Iondoe mwenyewe haraka, kabla upande wa pili haujakuwekea pingamizi la awali, yaani hoja kwamba kesi haikustahili kufunguliwa hapo. Kisha omba muda huko unakotakiwa kwenda, ukiambatisha nyaraka za kesi ile kuonyesha kwamba hukulala. Kadiri unavyokawia baada ya kuambiwa, ndivyo maelezo yako yanavyopungua nguvu.

*Mnunuzi ananisukuma, anataka hati ihamishwe.* Hili ni la kweli na linaumiza, kwa sababu uhamisho hauendi bila uthibitisho wa TRA kuhusu kodi. Wapo wanaoamua kulipa yote ili biashara iishe. Ukifanya hivyo na bado hukubaliani na makadirio, weka pingamizi ndani ya siku zilezile 30, ukieleza kwamba umelipa lakini unabishania kiasi. Ukinyamaza, umekubali.

*Mfumo wa mtandaoni umegoma siku ya mwisho.* Piga picha ya skrini inayoonyesha saa na ujumbe wa kosa, tuma baruapepe papo hapo, kisha peleka nakala ngumu kabla ofisi haijafungwa. Hata hivyo, jipe wiki moja ya akiba. Anayewasilisha siku ya 22 hahitaji kupiga picha ya skrini.

*Nimelalamika kwa msuluhishi wa malalamiko ya kodi, au naongea vizuri na ofisa, kwa hiyo nasubiri.* Ongea naye, hakuna ubaya. Lakini mazungumzo hayasimamishi siku. Mtu akikuahidi kwa mdomo kwamba "hili tutalimaliza," mshukuru, halafu kesho yake asubuhi nenda ukawasilishe pingamizi lako.

*Riba.* Kupinga hakuifuti. Ukishindwa, kodi iliyothibitishwa huja na riba ya muda wote ambao haikulipwa. Kwa hiyo kabla ya kupanda ngazi nyingine, kaa na kalamu upige hesabu: kiasi unachobishania, riba ya miaka miwili au mitatu, gharama za wakili. Kama unabishania laki nne, pengine pa kuishia ni kwenye uamuzi wa pingamizi.